Walizaliwa Tisa

Kwetu mtu akitaka uache kuuliza mambo ya zamani hukwambia, "Usifukue makaburi." Mimi nilioa Ireland, nchi ambayo watu hawayafukui ila wanayasoma. Jumapili utawakuta wazee kwa vijana, pamoja na Wamarekani walioshuka jana yake kwenye ndege, wameinama mbele ya mawe yaliyoliwa na kuvu, wanapapasa herufi kwa vidole. Wanamtafuta babu. Mama mkwe wangu ni mmoja wao. Macho yake yamechoka na mwenye gari ni mimi, kwa hiyo mwaka wa nne huu nimekuwa msomaji wake wa makaburi.

Swali lililonikalia kooni si la historia. Je, mtu aliye hai ana haki ya kujua jambo ambalo wafu wake hawakulisema?

Jiwe la babu yake, huko kaunti ya Mayo, linaanza na jina la mtu ambaye hayumo ndani ya kaburi. Mawe mengi ya huko ndivyo yalivyo: limesimamishwa na fulani, wa Boston, kwa kumbukumbu ya baba yake na mama yake. Aliyelipa anatangulia, waliolala wanafuata. Sibezi. Bila dola za huyo kijana wa Boston pasingekuwa na jiwe lolote, maana maskini walizikwa chini ya jiwe la shambani lisilo na maandishi, na wakati wa Njaa Kuu hata hilo hawakulipata. Kati ya 1845 na 1852 walikufa watu wapatao milioni moja, na wengine zaidi ya milioni wakaondoka. Pale Abbeystrowry, karibu na Skibbereen, wamelala kati ya elfu 8 na elfu 10 katika kaburi la pamoja.

Watu hupenda kusema kwamba kumbukumbu zote za Ireland ziliungua mwaka 1922, jumba la nyaraka la Dublin lilipolipuka katika vita vya wenyewe kwa wenyewe. Si zote. Sensa za 1821 hadi 1851 ndizo zilizoungua, vikabaki vipande. Za 1861 na 1871 serikali ilikwisha kuziharibu yenyewe, na za 1881 na 1891 zilisagwa wakati wa Vita Kuu ya Kwanza kwa uhaba wa karatasi. Za 1901 na 1911 zipo, na yeyote mwenye simu anazisoma bure. Kwa miaka ya nyuma zaidi unabaki na vitabu vya ubatizo, ambavyo mara nyingi ni vya Kilatini, na orodha za waliodaiwa: vitabu vya zaka vya 1823 hadi 1837, kisha uthamini wa ardhi na nyumba wa Griffith. Ukitaka jina lako lidumu, bwana, daiwa. Mke na watoto hawakudaiwa, kwa hiyo humo hawamo.

Sasa sensa ya 1911. Fomu yake ina safu ambayo ya 1901 haikuwa nayo. Mwanamke mwenye mume aliulizwa ameolewa miaka mingapi, amezaa watoto wangapi walio hai, na wangapi wangali hai. Mama alikua akiambiwa kwamba baba yake alikuwa mmoja wa ndugu sita. Nikamsomea safu ile kwa sauti, mezani kwake, chai ikipoa. Waliozaliwa hai: tisa. Walio hai: sita.

Akasema, "Rudia."

Nikarudia. Akaniambia nitazame vizuri, huenda ni mwandiko. Haukuwa mwandiko. Babu yake hakujua kusoma, aliweka alama ya msalaba, na fomu ikajazwa na askari polisi, maana ndio waliokuwa makarani wa sensa. Kwa hiyo kuna mtu katika nyumba ile aliyetamka "tisa" mbele ya askari, kisha watoto na wajukuu wakaambiwa "sita".

Unaweza kuuliza kwa nini niiamini fomu ile, na ni haki yako, kwa sababu kwenye karatasi hiyohiyo kuna uongo wa wazi. Mzee wa nyumba, baba wa babu, mwaka 1901 alikuwa na miaka 56. Mwaka 1911 ana 71. Kumi imezaa kumi na tano! Sababu inajulikana: tangu Januari 1909 serikali ililipa pensheni ya hadi shilingi tano kwa wiki kwa waliotimiza miaka 70, na aliyezaliwa kabla ya 1864, vizazi vyote vilipoanza kuandikishwa, hakuwa na cheti. Wengine walijitetea kwa kusema wanakumbuka Usiku wa Upepo Mkubwa wa Januari 1839. Nilicheka, nikamkumbuka bibi yangu, ambaye umri wake wote ni "wakati wa nzige". Lakini mzee alikuwa na sababu ya kudanganya. Tisa haikumlipa mtu senti. Ndiyo maana naiamini.

Wawili tuliwapata katika rejesta za vifo. Mmoja alikufa kwa kifaduro akiwa na miaka miwili. Mwingine aliishi siku nne, na kwenye nafasi ya mtu aliyekuwepo wakati wa kifo yumo mama yake, kwa alama ya msalaba. Wa tatu hayumo popote: si kwenye vizazi, si kwenye ubatizo, si kwenye vifo.

Jirani mmoja wa umri mkubwa hakushangaa. Alituonyesha kwa fimbo uwanja ulio juu ya nyumba ya zamani, penye duara la udongo na miti ya miiba. Mahali pa namna hiyo huitwa cillín. Mtoto aliyekufa kabla ya kubatizwa hakuruhusiwa kulazwa katika ardhi iliyobarikiwa, kwa hiyo baba au mjomba alimchukua, aghalabu usiku, akamfukia huko na kuweka kijiwe. Mama hakwenda. Desturi hiyo iliendelea hadi katikati ya karne ya 20. Mwaka 2007 tume ya wanateolojia wa Vatikani iliandika kwamba ipo sababu ya kutumaini kuwa watoto hao wanaokolewa. Mama alipolisikia hilo alisema tu kwamba wamechelewa kidogo.

Kaka yake Mama, ambaye mke wangu humwita mjomba na mimi namfuata, alikasirika. Hoja yake si ya kijinga. Walionyamaza, alisema, walikuwa na sababu zao, nao hawawezi kuja kujitetea. Sisi tuna intaneti na Jumapili za kupoteza, wao walikuwa na aibu ya kweli na padri wa kweli. Nani ametupa ruhusa?

Nimeifikiria sana hoja hiyo, na kwa upande mmoja namkubali. Katika kitabu cha ubatizo cha parokia jirani tulikuta jina la mwanamke wa ukoo huu, mtoto bila baba, na neno moja la Kilatini pembeni linalomwita haramu. Wajukuu wa mtoto yule wapo. Mama aliniambia, "Hilo funga," nami nimelifunga. Wakiuliza wenyewe nitawapa, maana ni lao kabla halijawa langu. Sheria ya Ireland ya 2022 iliyowapa waliolelewa na wazazi wa kupanga haki ya kupata vyeti vyao vya kuzaliwa ilikwenda njia hiyo: aliyezaliwa anapewa akiomba, hata kama mama yake hataki kuonana naye.

Lakini mtoto wa tatu si siri ya bibi yule. Mwenye siri huilinda, na yeye, au mume wake, alipoulizwa na askari alisema tisa. Ukimya ulitoka nje ya nyumba ile, ukaingizwa ndani na wenye funguo za makaburi. Catherine Corless alipotafuta vyeti vya watoto waliofia katika makao ya Tuam, huko Galway, kati ya 1925 na 1961, alipata 796, na rekodi za maziko hakuna. Mwaka 2017 tume ikathibitisha kuwepo kwa mabaki ya watoto chini ya ardhi. Ukiwaambia watu kama hao wasifukue makaburi, unamlinda nani hasa?

Mjomba hajakubali. Fundi wa mawe anatoza kwa herufi, na mwaka jana Mama alimwomba aongeze majina mawili chini ya jiwe la Boston. Fundi akauliza na huyo wa tatu amwandikeje. Mjomba anasema mtu asiye na jina haandikwi. Mama ameacha nafasi ya mstari mmoja, na juzi alinituma tena nikaangalie vitabu vya parokia ya pili, labda walimbatiza huko.