Adabu za Kusimama Mbele ya Picha

Bismillahi Rahmani Rahim. Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyempamba mwanadamu kwa akili na haya kabla ya kumpamba kwa nguo. Na sala na salamu zimshukie Mtume wake Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake.

Ama baada. Jambo la kupigwa picha limeenea katika pwani hii, tangu Kunduchi hata Bagamoyo, Saadani na Pangani. Zamani aliyetaka picha alikwenda kwa fundi, kama wale akina Gomes na Coutinho wa Unguja, ambao vyumba vyao vya picha vilijulikana tangu karne ya 19. Leo kila kijana ana simu mfukoni, na hupigwa picha kwa siku moja zaidi ya alizopigwa babu yake katika umri wake wote. Basi yafaa kuuliza: mtu akijiweka vizuri mbele ya picha, akanyosha kanzu yake na kuchagua upande wa uso wake ulio mzuri, je, amefanya kiburi? Je, amesema uongo?

Kuhusu picha yenyewe, maulamaa wamehitilafiana. Wako wanaoikataza ila kwa dharura, kama ya hati ya safari. Na wako walioihalalisha, kama Sheikh Muhammad Bakhit al-Mutii, aliyekuwa mufti wa Misri tangu 1914 hata 1920, ambaye hoja yake ni kwamba picha ya namna hii ni kukizuia kivuli tu, wala si kuumba. Mwenye kushika kauli ya kwanza ana dalili zake na aheshimiwe. Maneno yanayofuata ni ya yule aliyekwisha kusimama mbele ya picha.

Kupenda kuonekana vizuri si kiburi. Mtume, rehema na amani zimshukie, aliulizwa juu ya mtu apendaye nguo nzuri na viatu vizuri, akabainisha kwamba uzuri wapendwa na Mungu, na kwamba kiburi ni kuikataa haki na kuwadharau watu. Basi mzee wa Bagamoyo aliyevaa joho lake siku ya Idi, akapaka udi na kukaa juu ya kiti na wajukuu wake, hana lawama. Ameitengeneza sura yake kama atengenezavyo nyumba yake anapotazamia wageni.

Aibu ipo mahali pengine. Picha ni shahidi. Husafiri mahali asipofika mwenyewe, na husema baada ya yeye kufa. Na shahidi hatakiwi kuwa mzuri tu, hutakiwa kuwa mkweli. Kijana hupigwa picha ameegemea gari la tajiri wake, na mkono umepumzika juu ya mlango kama kwamba ni lake. Kisha picha ile hupelekwa kwa wazee wa binti anayemposa. Kijana huyo hakutamka neno la uongo hata moja, lakini mkono wake umesema, na wazee wamesikia. Siku ya pili ya harusi gari halipo, na neno la mume limekwisha kupungua uzito nyumbani mwake. Kadhalika yule anayeitumia simu kuing'arisha ngozi yake na kuupunguza mwili wake, kisha akamtumia picha mtu anayetaka kumwoa au kumwajiri.

Wafanya biashara waijua hukumu hii. Mtume alipita sokoni penye rundo la nafaka, akatia mkono ndani, akakuta maji chini na ukavu juu, akamkemea mwenye mali kwa kuwaficha watu aibu ya chombo chake. Muuza samaki katika pwani ya Bagamoyo ajua kwamba kumwosha samaki ni usafi, na kumfunika aliyeoza kwa aliye mpya ni hiana. Na picha ni vivyo hivyo: kuosha ni halali, kufunika ni haramu.

Ipo na jambo la pili, nalo ni zito zaidi. Picha zilizobaki za zamani ni za namna mbili: za aliyejisimamisha na za aliyesimamishwa. Sayyid Barghash bin Said alipokwenda Uingereza mwaka 1875 alipigwa picha pamoja na mawaziri wake, naye amevaa kilemba na joho la kwao. Alikuwa katika nchi ya wageni, lakini sura aliyoiacha aliichagua mwenyewe. Upande wa pili ziko picha za zama za Wajerumani katika bara hili, za watu waliofungwa mnyororo shingoni, wamepangwa safu, wakaamriwa kutazama mbele. Na ziko kadi za posta zilizouzwa kwa wasafiri, zenye uso wa mwanamke au wa mchukuzi, na chini yake limeandikwa kabila lake tu, jina halipo. Watu hao hawakuulizwa wasimameje. Nyuso zao zilichukuliwa kama ichukuliwavyo mali.

Mtu wa leo akizitazama picha hizo husikitika, naye hana budi kusikitika. Lakini katika mwezi wa Ramadhani yeye mwenyewe huenda akampelekea mjane kilo tano za unga, kisha akamwambia ashike mfuko vizuri, auinue, atabasamu, ili picha ipigwe na kupelekwa kwa watu. Mjane yule angekataa angeogopa kukosa unga. Basi naye amesimamishwa. Mnyororo hauonekani shingoni, umefungwa katika njaa. Na sadaka iliyofuatwa na masimango thawabu yake hubatilika. Na ni masimango gani yaliyo makubwa kuliko yale yanayobaki katika simu za watu elfu, hata watoto wa mjane wakayaona wakiwa wakubwa?

Huenda mtu akasema: "Picha hizo huwahimiza wengine kutoa, na waliotoa fedha hutaka kuona zimefika wapi." Jawabu lake ni kwamba kutoa kwa dhahiri kumeruhusiwa, na mwenye amana aonyeshe hesabu yake. Lakini na ipigwe picha ya magunia, na ya stakabadhi, na ya mikono ya wapakuzi. Uso wa maskini haumo katika hesabu.

Basi adabu za mwenye kupigwa picha ni hizi:

La kwanza, avae nguo yake mwenyewe iliyo safi. Kanzu ya kitambaa rahisi iliyopigwa pasi humpendeza mwenyewe kuliko suti ya kuazima inayomning'inia mabegani.

La pili, achague nuru ya asubuhi au ya baada ya Alasiri. Jua la adhuhuri hutia giza machoni, na kofia huzidi kuutia uso kivuli. Nuru ikiwa nyuma ya mtu, uso hupotea.

La tatu, asimame wima, mabega yashuke, pumzi itoke taratibu. Kidevu kisiinuliwe mno, kwani Luqman alimwonya mwanawe juu ya kuwageuzia watu uso kwa majivuno. Wala kisiinamishwe mno kama cha mwenye deni. Macho yamtazame mpiga picha kama amtazamavyo jirani anayemwamkia.

La nne, wazee wakae na vijana wasimame. Wala asipigwe mtu ila kwa idhini yake, na watu wa nyumbani kwa mtu wasienezwe bila ridhaa yao.

La tano, aendaye Kaole kuitazama misikiti miwili ya kale na makaburi yenye nguzo asikae juu ya kaburi kwa ajili ya picha. Mtume amekataza kukaa juu ya makaburi, na waliolala pale nao hawakuulizwa.

Na mwisho mtu akumbuke kwamba picha ina mpaka. Sheikh Ramiya, aliyefariki mwaka 1931, aliletwa Bagamoyo akiwa mtoto mtumwa kutoka upande wa Kongo. Lau mpita njia angempiga picha siku ile, angeandika chini yake neno moja tu: mtumwa. Naye akasoma, akasomesha, akawa khalifa wa Qadiriyya na liwali wa mji ule ule alioingia hana kitu. Jambo hilo lilikuwamo ndani ya mtoto yule, na hapana chombo ambacho kingeliona. Ndiyo maana Muislamu atazamapo kioo huomba kwamba, kama Mungu alivyoitengeneza sura yake, aitengeneze na tabia yake. Dua hiyo yafaa na mbele ya picha, kabla ya kunyosha kofia.

Mwenyezi Mungu awajaalie Waislamu dhahiri yao ifanane na siri zao, na awasitiri wanyonge wao machoni pa watu. Amin. Wabillahi tawfiq.