Jina Ni Mali ya Nani?

Wahenga walisema: Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii twaifundisha mwaka baada ya mwaka, na aghalabu twaishia hapo kana kwamba maana yake imekwisha. Lakini je, chema kinachojitembeza kwa jina la mwenziwe? Kimekosa, au hakikukosa maadamu ni chema? Swali hilo ndilo tunalokusudia kulichungua, na mfano wetu tutautoa mbali, katika mashamba ya mizabibu ya Alsace, mashariki ya Ufaransa. Msomaji asiyetumia kileo asihofu. Hatukuja kusifu kinywaji, bali kupima uzito wa neno.

Alsace ni ukanda mwembamba baina ya milima ya Vosges na mto Rhine. Milima hiyo huzuia mvua zitokazo magharibi, hata eneo la mji wa Colmar likawa miongoni mwa maeneo makavu ya Ufaransa, na zabibu hupata jua la kuziivisha polepole. Tangu mwaka 1953 kuna barabara iitwayo Njia ya Divai, yenye urefu wa kilomita 170 hivi, kutoka Marlenheim kaskazini hadi Thann kusini. Mtalii aifuataye hupita vijiji kama Riquewihr na Eguisheim, huingia katika ghala za wakulima, huonjeshwa, huelezwa, na akipenda hununua. Kwa hakika huuziwa vitu viwili kwa pamoja: divai na maelezo yake. Divai aweza kuipima kwa ulimi wake. Maelezo hana cha kuyapimia. Kwa hiyo neno la mwenyeji kwa mgeni ni amana.

Mahali pengi Ufaransa chupa hubeba jina la mahali tu. Alsace, aghalabu, hutaja pia jina la mzabibu: Riesling, Gewurztraminer, Sylvaner. Mmoja katika mizabibu hiyo, Pinot gris, kwa vizazi vingi uliitwa na wenyeji Tokay. Sasa, Tokaj ni mji na wilaya ya Hungaria, yenye divai tamu iliyotukuzwa katika majumba ya wafalme, na ambayo mipaka ya mashamba yake iliwekwa kwa amri ya kifalme mwaka 1737. Jina lilifikaje Alsace? Masimulizi yasema kwamba jemadari Lazare de Schwendi, aliyeuteka mji wa Tokaj mwaka 1565, alirudi na miche ya mzabibu wa huko. Mjini Colmar pana sanamu yake, kazi ya Bartholdi, yule yule aliyebuni Sanamu ya Uhuru ya New York; jemadari ameinua mkono, na mkononi ameshika mzabibu.

Masimulizi ni matamu, lakini mmea wenyewe wayakanusha. Divai ya Tokaj hutokana hasa na mzabibu uitwao Furmint. Pinot gris si Furmint. Ni mzabibu wa ukoo wa Pinot noir ya Bourgogne, uliobadilika rangi ya ganda. Mwaka 1993 Jumuiya ya Ulaya na Hungaria zilipatana kulindiana majina ya divai. Watu wa Alsace wakapewa muda wa kuzoea, na mwisho wa Machi 2007 jina la Tokay likaondoka katika chupa zao.

Je, walidhulumiwa? Tuzisikilize kwanza hoja zinazoweza kutolewa kwa upande wao, kwani si hafifu. Ya kwanza ni hoja ambayo sisi walimu wa lugha twaipenda: matumizi ndiyo yafanyayo lugha. Watu wakiliita jambo kwa jina fulani kwa vizazi vingi, jina hilo limekuwa lao. Wala si lazima twende mbali. Sisi husema mvinyo, neno la Wareno. Husema divai, neno la Wafaransa. Husema zabibu, ilhali kwa Mwarabu neno hilo ni tunda lililokaushwa. Hakuna aliyetushtaki kwa wizi.

Hoja hii ina nguvu, lakini yachanganya mambo mawili. Neno la kuazima halidai asili. Asemaye divai hamwambii msikilizaji kwamba chupa imetoka Ufaransa, na mwenye kula zabibu mbichi hadanganyiki kwamba amekula kavu. Jina la mahali likibandikwa kwenye bidhaa hufanya kazi nyingine: hutoa ushahidi. Humwambia mnunuzi, hiki kimetoka kule, au kina nasaba na kule. Ushahidi usipokuwa kweli, uzuri wa bidhaa hauutakasi. Tena Ufaransa yenyewe ndiyo iliyoweka sheria dhidi ya udanganyifu wa bidhaa mwaka 1905, na mwaka 1935 ikaweka utaratibu wa kulinda majina ya asili ya divai. Wakulima wa Champagne wamelitetea jina lao mahakamani katika nchi nyingi. Atakaye jina lake liheshimiwe, na ayaheshimu ya wenziwe. La sivyo, ni yale yale ya mkuki kwa nguruwe.

Hoja ya pili ni nzito zaidi. Alsace ilitwaliwa na Ujerumani mwaka 1871, ikarudi Ufaransa mwaka 1918, ikashikwa tena na Wajerumani mwaka 1940, ikakombolewa kabisa mwaka 1945. Wakati wa utawala wa Wanazi hata majina ya watu na ya barabara yalibadilishwa kwa amri. Watu waliopokonywa majina namna hiyo wana haki ya kuchukia kila amri ya kufuta jina. Hapa hatuna budi kutofautisha. Kumnyang'anya mtu jina lake ni dhuluma. Kumrudishia mwenyewe jina lake si dhuluma, hata kama aliyekuwa nalo alilipokea kwa babu yake bila hatia. Yule babu hakusema uongo, maana hakujua. Uongo huanza pale mjukuu ajuapo, kisha akaendelea kwa kuwa jina lauza. Nyumbani kwake, mezani na watu wake, na aite apendavyo. Sheria ya chupa haifiki huko.

Pinot gris ingali ikilimwa, yauzwa kwa jina lake, na watalii wangali wakija. Chema kimejiuza. Wala hatuoni sababu ya kuiondoa sanamu ya Colmar: yatosha anayewatembeza wageni aseme, haya ni masimulizi.

Na sisi je? Mara ngapi tumewapa wanafunzi asili ya neno, tamu na ya kupendeza, tuliyoisikia tu, tukaitoa kwa sauti ya uhakika? Mwanafunzi, kama mtalii ghalani, hana cha kutupimia. Hutuamini. Basi tujizoeze maneno mawili mepesi, "husimuliwa kwamba", na tuyatamke kila inapotupasa.