Kuahidi kwa Mgongo wa Mwenzio

Mwaka wa 3 wa Hijra (625), Mtume, sala na amani zimshukie, aliona kheri kuwangoja Makureshi mumo humo Madina. Akawashauri masahaba, wengi wakapenda kutoka, naye akatoka nao hata Uhudi. Waislamu wakapatwa na msiba. Baada yake ikashuka Aya ya 159 ya Sura Al Imran, ikaamrisha wasamehewe, tena washauriwe!

Basi, ndugu, msimamizi amwahidiye tajiri nyumba kabla ya Ramadhani, asiwaulize waashi, aahidi nini? Katika madhehebu ya Shafii, auzaye mali ya mwenziwe pasi na idhini, uuzaji wake ni batili. Naye ameuza usingizi wa waashi, na chokaa isiyokauka. Siku ikifika, lawama huwatwika wao.