Hofu ya Kuachwa

Jumapili moja tulitoka Nakuru pikipiki tisa, tunaelekea Naivasha. Hayakuwa mashindano, na kiongozi alisema hivyo kabla hatujawasha injini: hakuna kupitana ndani ya msafara, tunajipanga zigizaga, mmoja kushoto kwa leni, anayefuata kulia, na unamwachia aliye mbele nafasi ya sekunde mbili. Mimi nilikuwa wa nane, juu ya Boxer ya kuazima. Nyuma yangu alikuwa mzee mmoja, fundi wa pikipiki, ambaye kazi yake siku hiyo ilikuwa moja tu: kuwa wa mwisho.

Tukiwa tumepita Kariandusi tunapanda kuelekea Gilgil, tulikuta lori la mizigo linatambaa. Wale saba wakalipita, mmoja mmoja. Zamu yangu ilipofika, mstari wa katikati ulikuwa umeshakuwa mzima na kona iko mbele. Niliona wenzangu wanapotea. Mkono ukaongeza mafuta wenyewe. Nikachungulia nje ya lori, nikakutana na taa za matatu. Nilirudi nyuma ya lori magoti yakitetemeka.

Nimejiuliza sana: kosa lile lilikuwa la nani?

Jibu rahisi ni langu. Hakuna aliyenilazimisha. Nafasi aliyoiona mtu wa mbele ni yake; ikifika kwako imeshakwisha. Hiyo ni kweli, lakini haitoshi. Mimi sipendi mbio. Kilichonisukuma ni hofu ya kuachwa.

Hofu hiyo naijua. Nilipotoka chuo mwaka wa pili kwa sababu ya karo, wenzangu hawakunitendea ubaya wowote. Waliendelea tu. Baada ya hapo nilikopa kwa simu, nikaanza biashara ya mitumba bila hesabu, nikaifunga. Yote ni kwa sababu niliamini hakuna anayeningoja. Mtu wa aina hiyo anaovateki kwenye kona.

Kwenye msafara, wa mbele akiongeza kidogo tu, kutoka 70 hadi 80, wa nyuma analazimika kukimbia zaidi kuziba pengo. Wa mbele hahisi kitu. Kwa hivyo hawezi kusema tu, "Mimi sikumlazimisha mtu." Anachodaiwa si kunishika mkono. Ni kunihakikishia kwamba nikikataa kupita, nitawakuta. Ndiyo maana waendeshaji makini humweka mgeni karibu na kiongozi, na hakuna anayeacha njia panda kabla ya kumwona aliye nyuma yake.

Tuliwakuta Gilgil, wameegesha kando ya barabara, helmeti mkononi. Mmoja alilalamika: "Tukingojana hivi tutafika saa ngapi?" Ana haki ya kuuliza. Anayetaka mwendo wake anaweza kwenda peke yake, na si dhambi. Lakini ukishasema "twende pamoja," umetoa ahadi. Bila ahadi hiyo, sisi ni foleni tu, kama malori.

Nikamweleza yule fundi jinsi nilivyoogopa kubaki peke yangu nyuma ya lile lori.

"Kijana," akasema, "kwani hukuniona kwa kioo?"

Sikuwa nimeangalia.