Ajali Haina Kinga

Kwetu Nassa mtu akiumia kazini, maneno ya kwanza utakayoyasikia ni "ajali haina kinga". Nimeyasikia misibani, nimeyasikia hospitalini, nimeyasikia kando ya barabara kuu ya Mwanza na Musoma basi likiwa limelala ubavu. Mwaka 1995 niliambiwa mimi mwenyewe, na mama mmoja ambaye mwanawe alivunjika mguu chini ya lori katika gereji yangu. Alikuja asubuhi, akanisalimu kwa adabu kama siku zote, akaketi, kisha akasema, "Baba, usijitese. Ajali haina kinga." Aliyasema kwa moyo safi. Nami niliyapokea kwa nafuu kubwa, na nafuu ile ndiyo iliyonifanya nishike kalamu.

Nieleze kwanza mambo yalivyokuwa. Wakati huo Nassa ilikuwa katika Wilaya ya Magu, Mkoa wa Mwanza. Habari za Busega na Simiyu zilikuja mwaka 2012. Gereji yangu haikuwa na ukuta. Ilikuwa mwembe mmoja mkubwa, kibanda cha mabati cha kufungia vifaa, na uwanja wa udongo mweusi wa mbuga, ule unaopasuka wakati wa kiangazi na kunata ukipata maji. Nilikuwa na vijana watatu wanaojifunza kazi. Hawakuwa na mkataba wala mshahara. Walikula kwangu mchana, na Jumamosi nikiwa nimepata, nao walipata. Ndivyo nilivyojifunza na mimi, kwa fundi aliyekuwa akinipiga na spana ya namba 17 nikimletea ya namba 19.

Soko la pamba lilikuwa limefunguliwa kwa wanunuzi binafsi mwaka uliotangulia, 1994. Msomaji aliyekuwapo atakumbuka zile mbio. Malori ambayo hayakustahili hata kubeba kuni yalitolewa vichakani, yakapakwa rangi, yakatumwa vijijini, kwa sababu aliyechelewa alikuta pamba imekwisha nunuliwa na mwingine. Lori ninalolisema lilifika likiwa limejaa, bolti ya katikati ya springi ya nyuma imekatika. Kila fundi anajua la kufanya: unashusha mzigo, unaweka vigingi kwenye magurudumu, unainua chesisi kwa jeki, kisha unaingiza magogo chini yake na kulilaza gari juu ya magogo hayo. Jeki kazi yake ni kuinua, haikuumbwa kushikilia. Ya mafuta hushuka yenyewe mpira wake wa ndani ukichakaa, na ya aina yoyote huzama au kulala upande ardhi ikiwa laini.

Mwenye lori alikataa kushusha pamba. Jeki tuliisimamisha mahali tulipokuwa tukioshea magari, juu ya kipande cha ubao. Na magogo? Magogo yalikuwepo, mawili, ya mti mgumu, niliyoyachonga kwa mikono yangu. Lakini tulikuwa tumezoea kuyafanya viti vya wateja, na saa ile mwenye lori alikuwa ameketi juu ya moja na dereva wake juu ya la pili, wanakunywa soda. Niliona haya kuwasimamisha wageni.

Hiyo ndiyo sababu yenyewe, na sijawahi kumwambia mtu. Nilimwambia kijana aingie chini aelekeze bolti, ni kazi ya dakika mbili tu. Alikuwa na miaka kumi na saba. Jeki ililala, chesisi ikashuka na kumbana mguu chini ya goti. Mguu ulipona, ila umekuwa mfupi kuliko mwenzake.

Sasa turudi kwenye msemo. Neno "ajali" tumelipata kwa Waarabu, na kwao ajal ni muda uliowekwa, hasa ule wa mtu kufikwa na mauti. Kwa hiyo anayesema "ajali" amekwisha kutoa hukumu kabla ya kesi kusikilizwa: jambo lilipangwa, saa ilifika, mwenye gereji hana neno. Hata hivyo Kiswahili hicho hicho kinatuambia kwamba kinga ni bora kuliko tiba. Lugha imetupa misemo yote miwili, nasi huchukua ule unaotufaa siku hiyo. Mimi nilichukua wa mama yule, maana ulinipunguzia gharama. Nililipa hospitali, nikampelekea mbuzi na debe mbili za mahindi, basi.

Nimejaribu kuutetea msemo huo kwa haki. Nimetafuta kichwani mwangu, katika miaka yote niliyokaa gerejini, mfano mmoja wa ajali ambayo kweli haikuwa na kinga. Kila ninaoushika unaniponyoka. Namkumbuka fundi wa kuchomelea aliyeungua alipokuwa akiziba tangi la petroli. Alikuwa amelikausha makusudi kwa kudhani tangi tupu ni salama, kumbe lile tupu ndilo baya zaidi, kwa kuwa kinachowaka ni mvuke, nao ulibaki humo ndani umechanganyika na hewa. Dawa yake ni kulisafisha na kulijaza maji. Namkumbuka aliyepigwa na ringi ya rimu ya lori alipokuwa akijaza tairi upepo, naye ameinama juu yake. Angelifunga mnyororo na kusimama kando. Namkumbuka aliyetobolewa jicho na kipande cha chuma kilichoruka kutoka kwenye kichwa cha patasi kilichopasuka. Miwani, au hata kukinoa tu kile kichwa, kungetosha. Betri iliyolipuka usoni mwa mtu aliyewasha kiberiti ili aone kama maji yamejaa, hiyo sitaki hata kuieleza.

Mjomba wa kijana hakuridhika na msemo wala na mimi. Yeye alitaka kujua ni nani aliyemtuma yule jeki. Wasomi wetu huwacheka watu wa namna hii, lakini mimi sicheki. Evans-Pritchard, Mwingereza aliyekaa kwa Wazande wa Sudan na kuandika habari zao mwaka 1937, alieleza kwamba ghala likiwaangukia watu waliopumzika kivulini mwake, Mzande anajua vizuri kuwa nguzo zimeliwa na mchwa. Anachouliza ni kwa nini limeanguka saa ile, juu ya watu wale. Mjomba naye alijua kwamba ardhi ilikuwa na maji. Aliuliza kwa nini mpwa wake, kwa nini siku ile. Na laiti angejua, jibu lilikuwepo, tena karibu sana. Mpwa wako, kwa sababu alikuwa mdogo kuliko wote na hakuweza kukataa. Siku ile, kwa sababu mtu mwenye fedha alikuwa amekalia gogo. Alimtafuta mchawi mbali, naye mchawi alikuwa amemkaribisha kiti.

Lipo jambo jingine linalonitatiza, nalo sijalipatia ufumbuzi. Tulipofungua breki tulipuliza vumbi lake kwa upepo wa kompresa, au kwa mdomo. Bitana za breki za siku zile nyingi zilikuwa na asbesto, ambayo mtu akiivuta inaweza kumletea saratani baada ya miaka ishirini, thelathini, hata arobaini. Hakuna aliyetuambia. Huenda nimewadhuru vijana wangu kwa vumbi lile kuliko nilivyomdhuru mmoja kwa jeki, lakini nikilifikiria vumbi napata huzuni tu, na nikiufikiria mguu napata aibu. Je, ni haki? Nadhani tofauti ni kujua. Vumbi sikulijua, magogo niliyajua. Lakini hapo najiuliza tena: na mtu ambaye hakujua kwa sababu hakutaka kuuliza? Makopo na maboksi yale yalikuwa na maandishi madogo ya Kiingereza, na mimi najua kusoma.

Kuhusu sheria nitasema machache. Siku hizi ipo Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, na upo Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi ulioanza kazi mwaka 2015 kutokana na sheria ya mwaka 2008. Ni mambo mema. Shirika la Kazi la Kimataifa nalo, katika Mkataba wake namba 155 wa mwaka 1981, linataka alindwe mfanyakazi anayeondoka penye hatari kubwa na ya karibu. Nilipousoma mkataba huo nilicheka peke yangu. Kijana wa chini ya mwembe, asiye na mkataba wowote, amwambie fundi wake kwamba anaondoka kwa mujibu wa kifungu cha kumi na tatu!

Maana jambo lenyewe nililijua kwa kuchelewa. Mwaka 2009 nilimkuta kijana yule, mtu mzima sasa, Lamadi, ana gereji yake. Tulikula pamoja. Nikamuuliza kama aliiona jeki kabla haijalala. Akajibu kwamba aliiona tangu anaingia. Ilikuwa imeinama, ubao umezama upande mmoja.

"Mbona hukusema?"

Aliniangalia kama niliyeuliza kitu cha ajabu. "Fundi, ulikuwa umesema niingie. Mimi ningekuambiaje?"

Nimelelewa kuamini kwamba mtoto anayemsahihisha mkubwa mbele ya wageni hana malezi. Niliwafundisha hivyo vijana wangu, na wazazi wao walinisifu kwa hilo. Mama yule alimleta kwangu mwanawe kwa sababu hiyo hasa, apate adabu. Aliipata. Aliingia chini ya lori nayo.

Mchana ule pale Lamadi, baada ya kula, alirudi kazini nami nikakaa kivulini kumtazama. Alikuwa amejilaza chini ya gari dogo, miguu yake miwili isiyolingana imetokeza nje. Mara kitoto kimoja cha gereji, hata ndevu hakina, kikapaza sauti: "Wewe, toka huko!" Hakikusema fundi wala shikamoo. Nilisikia damu ikinipanda, nikasubiri kofi. Yeye alijiburura akatoka, akainama akatazama alipoonyeshwa, akalisukuma gogo kwa kisigino hadi likakaa sawa. Kisha akamwambia yule mtoto amletee spana, akarudi chini.