Je, Ajali Haina Kinga?

Wapendwa, kuna msemo ambao siku hizi tunautoa kinywani haraka kuliko sala: ajali haina kinga. Kijana akianguka na pikipiki, kabla damu haijakauka barabarani, mmoja atausema, wa pili ataitikia kwamba ni mapenzi ya Mungu, na hapo maneno yamekwisha. Hakuna anayeuliza breki zilikuwaje. Nataka leo tuuangalie msemo huu vizuri, kwa sababu vijana wetu wengi wanatoka Nakivale, Kyaka na Rwamwanja kwenda Kampala kutafuta riziki juu ya boda boda, na wengine wanabeba watu humu humu kambini, katika barabara za udongo mwekundu ambazo mvua ikinyesha zinateleza kama sabuni.

Nitaeleza jambo lililompata kijana mmoja wa kwetu. Jina lake tuliache, kwa maana wengi wanamjua na hakuna haja ya kumwongezea aibu. Alikuwa na wiki tatu tu juu ya pikipiki. Asubuhi moja, mvua imekatika sasa hivi, alimpakia mama mmoja kule juu Naguru, akashuka naye kilima kuelekea Nakawa. Wanaopajua Naguru wanajua ulivyo mteremko ule: juu nyumba kubwa zenye kuta na mageti, chini vibanda vya watu wa hali ya chini vilivyobanana. Madereva wenzake walikuwa wamemfundisha kwamba mahali kama pale mtu hutoa gia na kuzima injini, pikipiki ikashuka yenyewe na petroli ikabaki kwenye tangi. Akafanya hivyo. Katikati ya mteremko gari likachomoza getini. Kijana akashtuka, na mkono wake ukamvuta kulia, upande ule ambao kwetu Congo ndio upande wa salama. Mbele yake likaja gari lingine linalopanda. Akabana breki ya mbele kwa nguvu zake zote, gurudumu likakanyaga mchanga ulioletwa na maji ya mvua, wakalala chini wote wawili.

Yeye alichubuka goti na kiwiko. Mama alivunjika mkono wa kulia, na kichwa chake kiligonga ukingo wa barabara. Kofia ilikuwa moja, nayo ilikuwa kichwani mwa dereva.

Sasa tupime. Katika habari hii, ni kipi kilichotoka mbinguni? Mimi naona mvua. Kuzima injini ni mtu aliyezima. Kumbeba mama asiye na kofia ni mtu aliyekubali, na mama naye alikubali. Hata ule mkono uliovuta kulia una historia yake, nitaurudia. Tukisema yote ni mapenzi ya Mungu, tunampa Mungu kazi ambayo tumeifanya sisi, na hilo si unyenyekevu hata kidogo, ingawa linasikika kama unyenyekevu.

Wanaosoma Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, wataikuta sheria moja fupi juu ya nyumba. Paa za nyumba za wakati ule zilikuwa bapa, watu walikaa juu yake, wakala na kulala huko. Basi aliyejenga nyumba mpya aliamriwa aweke ukuta mdogo kuzunguka paa, ili mtu asije akaanguka na damu yake ikawa juu ya nyumba ile. Angalieni jinsi sheria hiyo inavyofikiri. Haisemi kwamba mwenye nyumba amemsukuma mtu. Haisemi hata kwamba mtu ataanguka. Inasema kwamba hatari inayojulikana, na ambayo dawa yake inajulikana, ina mwenyewe. Na katika Kutoka, sura ya 21, kuna ng'ombe mwenye pembe: akimuua mtu kwa mara ya kwanza, mwenye ng'ombe hana hatia, lakini kama alikuwa ameonywa kwamba ng'ombe huyo ana desturi ya kupiga pembe, naye hakumfunga, basi hatia ni yake. Ng'ombe ni yule yule na pembe ni zile zile. Kilichobadilika ni kwamba mtu alikuwa amejua.

Kofia ya abiria ni ule ukuta wa paa. Wachunguzi waliokusanya matokeo ya tafiti nyingi za nchi mbalimbali, na kuyatoa mwaka 2008, waliona kwamba kofia inapunguza hatari ya kufa katika ajali ya pikipiki kwa kadiri ya asilimia 42, na hatari ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Sheria ya Uganda inamtaka dereva avae, na abiria pia. Nasikia abiria wengi wanakataa: kofia ya watu wengi ina jasho, ina chawa, inaharibu nywele zilizosukwa jana. Ni kweli, na akina mama wasichekwe kwa hilo. Kitambaa chepesi chini ya kofia kinamaliza shida hiyo. Kampuni ya SafeBoda, iliyoanza Kampala mwaka 2014, ilifanya kofia ya abiria kuwa sehemu ya kazi yake, na watu wakazoea kuipokea.

Turudi kwenye ule mkono. Wengi wetu tunatoka Congo, Rwanda, Burundi na Sudan Kusini, nchi ambazo watu hupita kulia. Uganda, Kenya na Tanzania hupita kushoto. Ukivuka Mpondwe au Bunagana umebadilisha nchi, na barabara nayo imegeuka kama nguo iliyovaliwa ndani nje. Mtu anajifunza siku mbili na kudhani amejua. Kichwa ndicho kimejua. Mkono bado uko Bukavu. Mazoea ya zamani hurudi saa tatu za hatari: barabara ikiwa tupu na hakuna gari la kufuata, mtu akichoka, na mtu akishtuka. Tena kuna jambo ambalo halisemwi sana. Kwetu, anayeingia barabara kuu hutazama kushoto kwanza, kwa sababu gari la karibu hutoka huko. Hapa gari la karibu hutoka kulia. Kwenye mzunguko wa barabara, hapa unazunguka kwa kufuata mshale wa saa na kumpisha anayetoka kulia. Mtembea kwa miguu naye anapaswa kujifunza upya, watoto hasa.

Je, kijana ana hatia kwa jambo ambalo mkono umefanya bila kumwuliza? Hapa ndipo swali lenyewe lilipo, na sidhani jibu ni jepesi. Katika sekunde ile hakuchagua kitu. Hakuna mtu anayechagua katika sekunde moja. Kwa mwendo wa kilomita 40 kwa saa, pikipiki inakwenda mita 11 kila sekunde. Kabla hujamaliza kusema "Yesu" umeshapita urefu wa magari mawili. Kumhukumu kwa sekunde ile ni ukatili. Lakini zilikuwepo wiki tatu kabla ya sekunde ile. Mkono ungeweza kufundishwa asubuhi na mapema, peke yake, bila abiria, mahali tupu, mpaka uzoee. Aliyemkabidhi ufunguo alijua ni mgeni wa barabara. Sisi tuliomwombea baraka siku anaondoka kambini, nani alimwuliza kama ana kibali cha kuendesha? Kwa hiyo hatia, kama ipo, haiko pale mtaroni alipoangukia. Iko nyuma, katika siku za kawaida, nayo ina wenyewe wengi.

Mtu atanijibu: wewe unaongea kama mwenye kushiba. Kijana ana mwenye pikipiki anayedai fedha yake kila jioni, ana mama huku anayepiga simu kuomba ada ya shule, na abiria mgongoni anasema "yanguwa, yanguwa", yaani fanya upesi. Utamwambiaje asizime injini? Hoja hii naiheshimu. Umaskini unabana kweli, na mwenye pikipiki anayejua breki zimekwisha, lakini anataka hesabu yake tu, huyo ndiye mwenye ng'ombe wa pembe. Abiria anayesema "yanguwa" naye ameshika usukani kwa ulimi. Ila hatia ya watu kumi si kama mkate, kwamba kila mmoja akimega chake kinabaki kidogo. Kila mmoja anabeba yake nzima. Na katika jambo hili la petroli, hesabu yenyewe ni mbaya: matone yanayookolewa mteremkoni hayafikii bei ya taa moja iliyovunjika, usiseme mkono wa mtu.

Kwa ajili ya vijana, acha niseme mambo machache ya kazi, maana kumwambia mtu "uwe mwangalifu" bila kumwonyesha namna ni kumpa maneno matupu. Mteremko hushukwa ndani ya gia ndogo, injini ikiwaka, ili injini yenyewe iizuie pikipiki. Injini ikizimwa, kazi yote inaziangukia breki. Breki ya mbele ndiyo yenye nguvu zaidi, kwa sababu unaposimama uzito wote hukimbilia mbele. Wageni wengi huiogopa mpaka siku ya hatari, halafu siku hiyo wanaibana yote kwa mara moja. Ibane polepole pamoja na ya nyuma, pikipiki ikiwa imenyooka. Juu ya mchanga, matope au changarawe punguza mwendo kabla ya kufika, kwa sababu ukishafika breki ya mbele inakutupa. Mvua inapoanza ndipo lami huwa mbaya zaidi, kwa kuwa maji yanachanganyika na mafuta na vumbi vya siku nyingi. Ngojea kidogo chini ya mti au baraza. Na mwendo ukiongezeka mara mbili, mahali unapohitaji ili usimame panaongezeka mara nne. Abiria apande kwa upande wa kushoto, kwa maana bomba la moshi mara nyingi liko kulia, na alama za kuungua kwenye miguu ya dada zetu tunaziona.

Na sisi wazazi tujitazame kila Jumapili. Dereva, baba, mama, mtoto mgongoni na mwingine juu ya tangi: watu watano juu ya chombo kilichoruhusiwa dereva na abiria mmoja, nao wanakuja kumshukuru Mungu kwa ulinzi wake.

Sijamaliza habari ya kijana. Alipoanguka, watu walijaa kama kawaida, na wawili wa kwetu waliokuwepo walimnong'oneza akimbie: wewe ni mkimbizi, polisi wana makao yao makuu hapa hapa Naguru, nani atakutetea? Naelewa hofu hiyo. Tumekimbia watu wenye silaha, na miguu yetu imejifunza kukimbia kama mkono wake ulivyojifunza kwenda kulia. Lakini sheria ya wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006, ile ile inayotupa ruhusa ya kufanya kazi na kutembea, inatutaka pia tutii sheria za nchi kama wengine. Hakukimbia. Alisimamisha gari, akampeleka mama kwenye hospitali ya Naguru, ile iliyojengwa kwa msaada wa China na kufunguliwa mwaka 2012, akakaa naye mpaka ndugu zake walipofika. Kwa jambo hilo nampa heshima kubwa kuliko lawama zote nilizoandika hapo juu.

Habari ilipofika kwetu tulifanya maombi ya shukrani. Yalikuwa maombi mazuri na marefu. Tulimshukuru Bwana kwamba hakuna aliyeumia. Mimi nilikuwepo, nikasikia watu wakiitikia amina, na maana yake ilikuwa kwamba hakuna wa kwetu aliyeumia. Mama yule anauza nyanya sokoni Nakawa, na kwa wiki kadhaa mkono wa kuinulia beseni hauna kazi. Si Mkongomani na hasali nasi. Mchango uliopitishwa ulikuwa wa kutengeneza taa na kioo cha pikipiki, na sehemu yake bado iko kwa mtunza hazina. Wazee watakapokutana juu ya fedha hiyo, mimi nitaomba ianzie Nakawa, kwenye meza ya nyanya, na taa isubiri.