Ramadhani 17: Janga lisilo na siku



Nyumba ya jirani ikiungua usiku, hakuna anayeuliza ni zamu ya nani. Kila mtu anatoka na ndoo. Sasa jiulize: janga likija polepole, kwa miaka ishirini, tunatoka na ndoo siku gani?

Nazungumzia maji yetu ya kunywa. Singida ipo kwenye ukanda wa Bonde la Ufa, kama Arusha na Manyara, ambako baadhi ya visima vina floraidi nyingi itokayo kwenye miamba. Maji unayaona safi, hayana harufu. Ila mtoto anayeyanywa wakati meno ya ukubwani yanajijenga ndani ya taya, mpaka miaka minane hivi, meno hayo humtoka na madoa ya kahawia. Maji yakiwa makali zaidi, baada ya miaka mingi mifupa na viungo hukakamaa. Kuchemsha hakusaidii: maji yanapungua, floraidi inabaki palepale.

Hakuna siku ya msiba, kwa hiyo hakuna mchango. Badala yake kuna utani. Eti "huyo hapigi mswaki". Binti anacheka amefunika mdomo kwa mtandio. Jamani, tunafunga midomo tangu alfajiri, halafu tunaifungua kumcheka mtoto kwa kitu kilichotoka kwenye kisima tunachochota wote?

Wapo wanaosema ni kadari, mababu waliyanywa haya haya. Kadari tunaiamini. Lakini njaa nayo ni kadari, na hatujaacha kutoa zaka. Kwa miaka mingi nchi yetu iliruhusu hadi miligramu 4 za floraidi kwa lita, wakati Shirika la Afya Duniani likisema 1.5, kwa kuwa sehemu nyingi hapakuwa na maji mengine. Sasa kiwango chetu nacho ni 1.5. Karatasi imebadilika, kisima hakibadiliki chenyewe.

Sayyidna Uthman alinunua kisima cha Ruma pale Madina, kikawa cha watu wote. Nasi tunapenda kumfuata, tunachimba visima kwa ajili ya wazazi wetu waliotangulia. Vizuri sana. Lakini nia njema haisafishi maji. Kabla hujaandika jina la marehemu kwenye kisima, peleka chupa ya maji yake maabara yakapimwe. Hiyo nayo ni sehemu ya sadaka.

Na wakati tunasubiri, tutazame paa la msikiti. Maji ya mvua karibu hayana floraidi. Bati lipo, kinachotakiwa ni mifereji na simtanki. Hayatatutosha wote, na hapo ndipo penye mtihani: nani aanze? Sisi wakubwa meno yetu yameshakua. Basi ya simtanki wanywe watoto wadogo kwanza, wa Muislamu na wa asiye Muislamu. Sisi tutawadhe na kufulia ya kisima. Na mzee ambaye mgongo umegoma achotewe bila kuomba.

Leo baada ya Alasiri, mpitie jirani mwenye mtoto mdogo. Muulize tu: "Mnakunywa maji ya wapi?" Ndoo yako ianzie hapo.

Allah atutakabalie swaumu zetu. Amin.